Maji ya Lukuga na Kumbukumbu Zetu



Kati ya Aprili na Mei 2024, Ziwa Tanganyika liliingia mjini Kalemie. Halikuja kwa kishindo kama mto uliofurika usiku mmoja. Lilipanda polepole, siku baada ya siku, likafunika barabara za ufukweni, likaingia nyumbani na madukani, likatatiza kazi za bandari, na maelfu ya watu wakalazimika kuhama. Huko kaskazini, Uvira na Bujumbura zilikuwa katika taabu ileile. Maji yanapopanda namna hiyo, kauli inayosikika kila pembe ni kwamba jambo kama hili halijapata kuonekana tangu dunia iumbwe. Kauli hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame pamoja, kwa sababu si ya kweli. Ziwa lilikuwa limekwisha kupanda hadi karibu na hapo mwaka 1964. Na mwaka 1878, kabla mji wenyewe haujakuwapo, lilifika juu zaidi, kwa mita kadhaa. Basi la kuuliza ni hili: ilikuwaje tukajenga, tukanunua viwanja na kulea watoto mahali ambapo ziwa lilikuwa limekwisha kupita, nasi tusijue?

Kwanza tuelewe mwenendo wa ziwa lenyewe. Ni refu kwa kilomita zipatazo 670, na kina chake hufikia mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal la Urusi peke yake linalolizidi kwa kina. Mito inayoingia ni mingi, ukiwamo Ruzizi utokao Ziwa Kivu na Malagarasi utokao Tanzania. Mto unaotoka ni mmoja tu, nao ni Lukuga. Unaanzia kando ya Kalemie, unapita katika eneo la Nyunzu kuelekea magharibi, na baada ya safari ya zaidi ya kilomita 300 unaungana na Lualaba, kaskazini ya Kabalo. Hata hivyo, Lukuga hauchukui sehemu kubwa ya maji ya ziwa. Mengi hupaa angani kama mvuke, hasa wakati wa kiangazi, jua linapowaka na upepo wa kusi unapovuma juu ya eneo la kilomita za mraba zaidi ya 32,000. Kila mwaka ziwa hupanda wakati wa mvua, hufika kilele chake Aprili au Mei, kisha hushuka hadi mvua mpya zianze. Kupanda na kushuka huko hakufiki mita moja. Hatari huanza pale mvua za mwaka mmoja zinapozidi, kiangazi kikashindwa kupunguza kilichoongezeka, na mwaka unaofuata ukaongeza juu ya pale. Ziwa huweka akiba. Ndiyo maana mafuriko ya ufukweni hayatokani na mvua ya jana. Huenda yametokana na mvua za miaka minne iliyopita.

Sasa turudi nyuma, kwenye miaka ya 1870. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika mahali Lukuga unapoanzia. Aliona mkondo mdogo ukielekea magharibi, kisha njia ikazibwa na mafunjo na majani yaelayo, yaliyosongamana hata mtumbwi usiweze kupita. Chifu wa mahali pale alimweleza kwamba watu wake walikwisha kuufuata mto huo hadi Lualaba. Huko Ulaya wataalamu walibishana kwa miaka mingi kama ziwa lina mlango wa kutokea au halina. Watu waliokaa kandokando ya Lukuga walikuwa na jibu tayari, maana walikuwa wameutembea kwa miguu. Miaka miwili baadaye akaja Henry Morton Stanley. Yeye aliona kwamba ziwa halitoki vizuri, ila linapanda, na kwamba siku moja litavunja kizuizi kile. Alikuwa na ushahidi mwingine pia: huko Ujiji, michikichi iliyokuwa imesimama mahali pa soko mwaka 1871, alipokutana na Livingstone, sasa ilikuwa imesimama majini.

Alichokisema kikatimia upesi. Edward Coode Hore, mjumbe wa wamisionari wa Kiprotestanti wa London, alifika Lukuga mwaka 1879 akakuta mto unakwenda kwa nguvu kuelekea magharibi, wala hapakuwa tena na mafunjo ya kuuzuia. Jinsi ilivyokuwa si vigumu kuielewa. Katika miaka ya mvua haba, ziwa lilikuwa limeshuka chini ya kizingiti cha mto. Mdomo wa Lukuga ukabaki na maji yaliyotulia. Vijito vya pembeni vikaleta mchanga na matope, mafunjo yakaota juu yake, mizizi ikashikana, na mwisho ukawapo ukuta ulio hai. Mvua ziliporudi, ziwa lilijaa nyuma ya ukuta huo kama maji katika mtungi, hadi mwaka 1878 lilipoushinda. Kuanzia hapo Lukuga ukauchimba mkondo wake kwa kasi, na ziwa likaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 lilikuwa limeshuka kwa kadiri ya mita kumi.

Nawaomba msimame kidogo kwenye hesabu hiyo. Mita kumi ni urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Mahali penye mteremko mkali, kama milima ya Marungu inaposhuka ziwani, mita kumi za maji hazibadilishi sana sura ya nchi. Lakini mahali tambarare kama sehemu za Kalemie, maana yake ni ardhi pana iliyofunuliwa: mchanga, matope yenye rutuba, uwanda mzuri wa kujenga na kulima. Mgeni afikaye huko akiwa hana habari huona nchi kavu. Hana njia ya kujua kwamba alipokanyaga palikuwa na samaki miaka kumi na mitano iliyopita, isipokuwa amwulize mwenyeji.

Na wageni walifika hasa katika miaka hiyo. Mapadri Weupe waliingia Ujiji Januari 1879, ziwa likiwa bado karibu na kilele chake. Mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Mpala, ufukweni kusini mwa Kalemie ya leo, na kutoka hapo likaanza tawi la Kanisa ambalo sasa ni jimbo la Kalemie-Kirungu. Wao waliishi kando ya ziwa linaloshuka. Kardinali Lavigerie alikuwa amewaagiza wamisionari wake waandike shajara katika kila kituo, na desturi hiyo, ambayo pengine iliwachosha wengi jioni baada ya kazi, ndiyo iliyotuachia habari nyingi za mvua, njaa, maradhi na vita vya nyakati zile. Mwishoni mwa mwaka 1891 Kapteni Jacques, aliyeongoza msafara wa kupiga vita biashara ya watumwa, alianzisha ngome iliyopewa jina la Albertville. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ikafika ziwani, bandari ikajengwa, na mji ukakua kuizunguka. Ramani zikachorwa, viwanja vikapimwa. Kipimo cha wapimaji kilikuwa ziwa kama walivyolikuta wao, ziwa la miaka ya chini. Sidhani kama ilikuwa dharau. Mtu aliyezoea bahari, ambayo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku na kurudi palepale, hawezi kukisia kirahisi kwamba kuna maji yanayochukua miaka themanini kwenda na kurudi.

Yalirudi mwaka 1961. Kuanzia Oktoba mwaka huo, mvua kubwa kupita kiasi zilinyesha Afrika Mashariki na katika sehemu kubwa ya bonde la Kongo. Chanzo chake kimoja, kama wataalamu walivyokuja kueleza baadaye, kilikuwa joto la Bahari ya Hindi: upande wa magharibi wa bahari hiyo, karibu na Afrika, ulipashwa joto kuliko upande wa Indonesia, na mawingu yakaletwa kwetu. Upande wa pili wa ziwa, nchi ya Tanganyika ilipata uhuru Desemba ileile, na hata leo wako wanaoziita zile mvua za uhuru. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache. Mto Kongo ulifika Kinshasa na kipimo cha mita 6.26, ambacho hakijapitwa hadi leo. Na ziwa letu likaanza kuweka akiba: 1962, 1963, hadi Mei 1964 lilipofika juu kuliko wakati wowote katika karne ile ya ishirini. (Aprili 1964 nchi ya Tanganyika iliungana na Zanzibar, na muda si muda jina lake likabadilika, ziwa lililoipa jina likawa kwenye kilele chake mwezi uliofuata. Historia ina mizaha yake.)

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Tuulize watu wa kwetu walikuwa wapi, na katika hali gani, maji yale yalipopanda. Katika majira yaleyale ya mvua kubwa, tarehe 1 Januari 1962, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa Kongolo. Katanga ilikuwa imejitenga, na Kaskazini ya Katanga ilikuwa uwanja wa vita. Na ziwa lilipofika kileleni, Mei 1964, Albertville ilikuwa imebakiwa na wiki chache tu za amani. Mwezi Juni waasi walioitwa Simba waliuteka mji, na Jason Sendwe, rais wa Jimbo la Katanga Kaskazini, akauawa. Hadi mwisho wa Agosti, mji uliporudishwa mikononi mwa serikali, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupima maji.

Waulizeni wazee habari za mwaka 1964. Watawaambia juu ya Simba, juu ya askari wa kukodiwa, juu ya nani alikimbilia wapi na nani hakurudi. Ni haki yao, maana mtoto aliyeuawa huombolezwa kuliko nyumba iliyozama. Lakini kwa maoni yangu, ndivyo tulivyopoteza habari ya maji. Msiba mkubwa ulimeza msiba mdogo, na huo mdogo ndio ambao ungetufaa kuukumbuka kabla ya kununua kiwanja. Alama ya maji ukutani ilipakwa chokaa. Waliokuwa wakiijua wengine walikufa, wengine walihama. Na ziwa likaanza kushuka tena, kana kwamba linaficha nyayo zake.

Lilishuka, kwa vipindi vya kupanda hapa na pale, kwa muda wa miaka arobaini. Katikati ya miaka ya 2000 lilikuwa chini kiasi kwamba bandari za Bujumbura na Kigoma zilikuwa na shida ya kina cha maji, na lawama nyingi zikaelekezwa Lukuga. Enzi za Wabelgiji kulikuwa kumejengwa kizuizi mdomoni mwa mto huo ili maji yasitoke kupita kiasi. Kiliharibika, na sasa majirani wa ziwa walitaka kitengenezwe. Nchi nne, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilikuwa zimetia sahihi mkataba wa ziwa jijini Dar es Salaam Juni 2003, na chombo kilichoundwa kutokana na mkataba huo, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, kikawa na makao yake Bujumbura. Hofu ya siku zile ilikuwa ziwa kukauka. Mtu aliyekata kiwanja ufukweni mwaka 2006 hakuwa mjinga: kila alichokiona na kila alichokisikia kilimwambia kwamba maji yanakwenda zake.

Nasi watu wa Nyunzu tumeingia katika habari hii kwa mlango mwingine. Tangu mwaka 2013, ugomvi kati ya Watwa na Waluba ulivichoma vijiji vyetu. Tarehe 30 Aprili 2015 kambi ya Vumilia, hapa hapa Nyunzu, ilishambuliwa, na watu wasiopungua 30 wakauawa. Mwaka 2016 na 2017 wimbi likawa kubwa zaidi, na makundi kwa makundi ya watu wetu yakashika njia ya Kalemie. Aliyefika mjini na mtoto mgongoni na sufuria kichwani hakuchagua mtaa. Alikaa alipopata, na mahali panapopatikana kwa urahisi katika mji ni pale ambapo wenye uwezo wamepaacha: bondeni, kingo za vijito, mchanga ulio karibu na maji. Mara ya pili, vita viliwaleta watu pale ambapo ziwa litafika, na hapakuwa na sauti ya kuwaonya.

Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilifanya tena kama ilivyofanya 1961. Mvua zilizofuata zilijaza kila kitu. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia na kupita kidogo rekodi yake ya mwaka 1964. Uvira, usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe na mingine iliporomoka kutoka mlimani na kuua makumi ya watu; huko Burundi, Gatumba ikageuka ziwa. Mwaka 2023 ukaja na mvua nyingine nzito: mapema Mei, mafuriko ya Kalehe, ufukweni mwa Ziwa Kivu, yaliua zaidi ya watu 400 huko Bushushu na Nyamukubi. Januari 2024 Mto Kongo ulifika Kinshasa kwenye mita 6.20, sentimita sita tu chini ya ule mwaka 1961. Kila aliyekuwa na kumbukumbu ya miaka ya sitini angeweza kusema kitakachofuata, kwa kuwa mambo yalikuwa yaleyale: mvua za ajabu, Victoria na Mto Kongo kujaa, na, baada ya miaka michache ya kuweka akiba, Tanganyika. Kutoka 1961 hadi Mei 1964 ilikuwa miaka miwili na nusu. Kutoka 2019 hadi Mei 2024 ilikuwa minne na nusu. Tulipewa muda mrefu zaidi kuliko babu zetu.

Ni kweli kwamba hali ya hewa ya dunia inabadilika, na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi. Mvua kubwa zinaweza kuja mara nyingi kuliko zamani. Lakini nawasihi msilitumie jambo hilo kama pazia. Kila mafuriko yakitajwa kuwa ni mapya kabisa, hakuna anayewajibika kwa ramani ya viwanja, kwa mfereji uliozibwa, wala kwa kibali kilichotolewa mahali pasipofaa. Ziwa la 2024 lilifika mahali palipojulikana. Mwaka 1878 lilikuwa limefika mita kadhaa juu ya hapo, bila kiwanda chochote cha kulaumiwa.

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1964 alifikisha 70 mwaka 2024. Wako wachache, nanyi mnawajua, kwa sababu ndio wanaokaa viti vya mbele Misa ya kwanza. Kikundi cha vijana kinaweza kwenda kwao na daftari na kuuliza mambo madogo: maji yalifika mti gani, ngazi ya ngapi, ni nyumba ya nani iliyohamwa, daraja gani la reli lilifunikwa, Lukuga ulipita wapi ulipoacha njia yake, na ulirudi baada ya miezi mingapi. Msianze na habari za vita, maana hamtatoka huko. Na huku kwetu swali la Lukuga lina uzito wake wa pekee. Ziwa likipanda, miji ya ufukweni hutaka mdomo wa Lukuga usafishwe na kupanuliwa ili maji yatoke upesi. Likishuka, wenye bandari hutaka uzibwe. Yote mawili yana sababu njema. Lakini maji yanayofunguliwa Kalemie hupita katika eneo la Nyunzu kabla ya kuufikia Lualaba, katika mashamba ya bondeni, katika vijiji ambavyo watu wamerudi juzi tu kuvijenga upya, na kandokando ya reli ileile ya 1915. Na mdomo ukizibwa, sisi ndio tunaobaki na mto mwembamba, na mafunjo yanayoota. Wanaokaa mezani kuujadili mdomo huo ni wajumbe wa nchi nne zenye ufuko wa ziwa. Nyunzu haina ufuko, na sijasikia bado kwamba kuna aliyeitwa kutoka hapa kueleza mto unafika wapi unapojaa.